Mabingobingo ya Mdoe

Siku Mwantumu alipotoka eda, jambo la kwanza alilolitaka halikuwa kuketi na wenzake wamsimulie yaliyompita. Alitaka kuliona shamba. Wanawake walikuwa wamemwogesha kijitoni tangu alfajiri, wamemvisha kanga mpya, wamemnywesha uji, na walikuwa bado wanabishana sufuria iliyoungua chini ilikuwa ya nani, yeye akachukua jembe nyuma ya mlango akaondoka. Mwaija, dada wa marehemu mumewe, alimwita angoje hata jua lipande kidogo. Mwantumu akamjibu, "Wifi, nimelingoja jua hilo miezi minne na siku zake kumi. Limepanda vya kutosha."

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Mumewe, Mdoe, alikufa kwa homa mvua za masika zikiwa karibu, wakati watu wa Kwedimkole wote wako mashambani wanasafisha. Mwenye eda hatoki kwenda kulima. Kwa hiyo ndugu wa marehemu walipiga kiwili, watu wakakusanyika siku moja kila mmoja na jembe lake, wakampandia mahindi, wakarudi baadaye wakampalilia, wakala ubwabwa wakaenda zao. Lakini walilima katikati tu. Mpakani hakuna aliyetia panga, maana katika kijiji kile mpaka wa shamba la marehemu hauguswi na mtu mpaka mjane atoke eda. Ukiufyeka leo, kesho utaambiwa ulikuwa unausogeza, na maneno hayo yakianza hayamalizikii nyumbani, yanafika kwa jumbe.

Mdoe alikuwa akiyafyeka mabingobingo ya mpakani kila mwaka kabla ya mvua. Mwaka ule hakuwahi. Na Mwantumu alikuwa mtu wa usafi uliopita kiasi, mtu wa kufagia uwanja kisha akaufagia tena kwa sababu kuku amepita. Alikaa eda yake yote akiliwaza shamba lake limezungukwa na majani marefu kuliko mtu, na wapita njia wanatikisa vichwa.

Aibu hiyo ilikuwa nusu tu ya haraka yake. Nusu ya pili ilikuwa Athuman, kaka mkubwa wa Mdoe. Baada ya arobaini Athuman aliwakusanya ndugu akasema neno lake kwa upole, kama alivyosema maneno yake yote. Mwantumu hakujaliwa mtoto. Nyumba na shamba ni vya ukoo. Hata hivyo, akiweza kujilisha kwa jembe lake, akae, hakuna atakayemgusa. Akishindwa, basi Athuman mwenyewe atamwoa awe mke wa pili, au arudi kwa kaka yake Mnyuzi. Huyo kaka alikuwa kibarua wa reli, anaishi katika chumba kimoja na watoto wanaolala mzungu wa nne.

Watu walimwambia Mwantumu amepata bahati. Athuman alikuwa na nyumba ya bati, bati la pekee kijijini, na vihenge vyake havikuwahi kuwa vitupu. Si mtu mbaya, walisema, na kweli hakuwa mtu mbaya. Lakini Mwantumu alimjua mkewe Athuman, mwanamke aliyekuwa mcheshi kuliko wote alipoolewa, ambaye siku hizi ukimsemesha humtazama mumewe kwanza. Na nyumba ile ya udongo, Mwantumu aliijenga na Mdoe. Maji ya kukandia ule udongo aliyabeba yeye kichwani. Aliipenda. Alitaka kuzeekea humo, na hakuona haya kujiambia hivyo.

Basi alifika shambani siku ile amejikaza kwa lolote. Alipita katikati ya mabingobingo yaliyofunga njia, akakatwa mikono na yale majani, akamtaja Mdoe kwa maneno ambayo mjane hatakiwi kuyasema siku ya kutoka eda. Akatokea upande wa pili, akasimama.

Mahindi yalikuwa mazima. Si mazuri ya ajabu, ila mazima, ya kijani, mabua manene, kila bua na hindi lake, mengine mawili. Mwantumu akachungulia kati ya mabingobingo, ng'ambo ya mpaka, kwenye shamba la Mwaija. Kule majani yalikuwa yametobolewa safu kwa safu, mabua yamevunjika kiunoni, mengine yamekauka moyo yakiwa bado machanga, na unga wa kinyesi cha funza umejaa kwenye makwapa ya majani. Akapanda kichuguu atazame mbali zaidi. Shamba la Mzee Hiza vilevile. La Athuman, kule mtelemkoni, vilevile. Bonde zima lilikuwa limeliwa isipokuwa shamba la mtu ambaye hakuwa amelikanyaga tangu mbegu iingie ardhini.

Mtu mwingine angeshangilia. Mwantumu aliona kichwa kinamzunguka. Tangu utoto alikuwa mtu wa kutaka kujua sababu, wa kumuuliza mama yake kwa nini uji hushika chini na si juu mpaka akachapwa mwiko. Aliketi juu ya kichuguu na jembe lake mapajani, akajaribu kufikiri funza wamepitaje pale bila kuona mahindi yote yale. Hakupata kitu. Akarudi nyumbani jembe halijagusa udongo, na Mwaija alipomuuliza ameonaje, akasema, "Sijui nimeona nini."

Mwaija alikuwa anajua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, kilikuwa kinamngoja tu atoke.

Walianza kuja jioni ileile. Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, na kitu mkononi, yai au kipande cha boga. Wakaulizia afya, wakampa pole ya Mdoe mara nyingine, kisha wakashusha sauti. Dawa gani? Mwantumu akasema hana dawa. Wakatabasamu, wakasema sawa, hata sisi tungesema hivyo. Mzee Hiza alikuja na wazo lake kabisa. Alisema amefikiri na kuona kwamba ni yale maji ya kuogea eda, bila shaka yalikuwa yanamwagwa shambani kwa siri, na kama maji yamekwisha yeye ataridhika na ile kanga aliyoikalia eda, akaitundike kwenye mti katikati ya mahindi yake. Mwantumu akamwambia, "Mzee wangu, ile kanga imechakaa, haimtishi hata panzi." Mzee Hiza akaondoka amenuna. Kesho yake kanga haikuwapo kwenye kamba, na baadaye ilionekana shambani kwa Hiza ikipepea, na chini yake funza wanaendelea na shughuli zao.

Wote hao Mwantumu aliwavumilia. Aliyemuumiza ni Mwaija. Mume wa Mwaija alikuwa akikata mkonge Ngombezi na kuonekana nyumbani kwa nadra, kwa hiyo wale wawili walikuwa wakitwanga pamoja, wanaenda kuni pamoja, na wakati wa eda Mwaija ndiye aliyemchotea maji. Alikuja wa mwisho, bila yai wala boga.

"Wifi, hata mimi?"

"Hata wewe nini?"

"Mahindi yangu yamepakana na yako. Kati yetu ni mabingobingo tu. Funza wamekula mpaka kwenye mpaka wakasimama, kama wameambiwa. Halafu unaniambia hujui."

"Sijui, Mwaija. Nakuapia kwa Mola, sijui."

"Basi," Mwaija akasema, akainuka. "Nimekuchotea maji kwa muda wote ule. Nilidhani ningefaa kuambiwa."

Tangu siku hiyo kinu cha Mwaija kililia peke yake. Mwantumu alikuwa akiusikia mchi wake asubuhi, na mara kadhaa alifika hadi mlangoni akitaka kwenda, lakini angekwenda kusema nini? Ukweli aliokuwa nao ulikuwa haumfai mtu. Alifikiria hata kutunga dawa, aseme ni majivu na pilipili, amradi wifi yake arudi. Akaona atamdanganya mtu mwenye njaa, akaacha.

Alivuna. Ndugu wakaja kutazama kihenge chake, na Athuman akatikisa kichwa kwa heshima.

"Umepata, shemeji, alhamdulillahi. Lakini mahindi haya tulikupandia sisi. Wewe mwenyewe hatujakuona. Vuli utalima kwa mkono wako, kisha tutazungumza."

"Nimekuelewa, shemeji," Mwantumu akasema.

Katikati ya kiangazi alipita bwana shamba. Jina lake Simeo, kijana kutoka Dindira, mwenye kaptula iliyonyooshwa na baiskeli aliyoibeba zaidi kuliko ilivyombeba. Serikali ilikuwa imempeleka Handeni awahimize watu kuchoma mabua na kupanda mihogo ya njaa, ingawa mihogo iliyopandwa kwa amri mwaka uliotangulia nguruwe pori walikuwa wameshaishughulikia. Simeo alisikia habari za shamba la mjane akataka kuliona. Alizunguka mabua yaliyokatwa, akaingia shambani kwa Mwaija, akapasua bua moja kwa kisu chake. Ndani alikuwamo funza mnene amejilaza.

"Mama, unamjua mzazi wake huyu?"

"Funza mwenzake."

"Hapana. Mzazi wake ni nondo, yule wa rangi ya majivu anayekuja kwenye taa. Jike akiwa na mayai huruka akitafuta. Hutua kwenye jani, hulipapasa kwa miguu, hulinusa, kama wewe unavyopapasa kitambaa dukani kwa Gulamhussein. Akiridhika, huyapanga mayai hapa, ndani ya ala, pale jani linapolikumbatia bua. Asiporidhika, huenda kwingine."

Mwantumu alisikiliza kinywa wazi. Haikuwa imempitia akilini kamwe kwamba jambo hili lilikuwa na mama ndani yake.

"Sasa mahindi yangu hakuridhika nayo kwa nini? Mbegu ni moja. Tuligawana na wifi yangu kwenye kapu moja."

Simeo alilitazama shamba, akatazama juu, akavua kofia akajikuna. "Mama, hilo sikufundishwa. Ningeweza kukutungia jibu, lakini napita tena hapa mwakani, ungenidai." Kisha akakumbuka kilichomleta, akavaa kofia. "Ila mpaka wako mchafu. Majani haya ni maficho ya panya na nguruwe. Uyaondoe."

Hilo Mwantumu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa ameaibika mbele ya mgeni wa serikali, na tena lilikuwa jukumu lake, sasa eda imekwisha. Alichukua panga la Mdoe akaanza upande wa njia. Alifyeka, akang'oa visiki, akachoma, akazunguka na mpaka wote mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kona moja tu ya kijitoni aliiacha, kwa sababu manyigu walikuwa wamejenga humo na walimfukuza hadi majini. Alipomaliza, shamba lilikuwa safi kama uwanja wa nyumba. Alilitazama akasema moyoni, Mdoe, umeona?

Mvua za vuli zikaja kwa wakati. Mwantumu alipanda peke yake, akapalilia peke yake, akaimba peke yake kwa sababu kulima kimya kulimtisha. Mahindi yalitoka vizuri. Yalipofika magotini, asubuhi moja aliona jani lina matundu madogo yaliyojipanga safu. Akajiambia ni panzi. Siku iliyofuata aliona mengine, na baada ya hapo mche wa kwanza ukakauka moyo. Aliuvuta, ukachomoka kirahisi, chini umeoza, na funza mdogo akajinyonga mkononi mwake.

Mwantumu aliketi pale pale kwenye tuta akalia. Alilia kwa sauti, na hakujali nani anasikia. Hakuelewa. Safari ile hakufanya kitu, akapata. Safari hii alifanya kila kitu, tena alifanya zaidi ya wote, akakosa. Angejua kosa lake angelirekebisha, lakini alitazama huku na huku, shamba safi, mistari imenyooka, hakuliona.

Kijiji kilikuwa na jibu kama kawaida yake. Walisema Mdoe ndiye aliyekuwa akililinda shamba. Alimhurumia mkewe asiye na mtoto, akabaki pale mpakani eda yote, na eda ilipokwisha akaenda zake. Mwantumu alijifanya kulicheka neno hilo. Lakini lilimwingia. Alikumbuka alivyopita katikati ya yale majani siku ya kwanza akimtukana, alivyokuja na panga lake mwenyewe akafyeka, akachoma. Alikwenda kaburini wakati wa mchana, akasimama. Mwisho akasema, "Kama ulikuwa wewe, ungenigusa hata bega, nikajua." Akarudi nyumbani, na uchungu wa mumewe ukawa mbichi kama siku ya msiba.

Jioni hiyo Mwaija alisukuma mlango bila kubisha hodi. Alikuwa na mihogo miwili iliyochomwa ndani ya upande wa kanga.

"Nimekuja kukucheka," akasema. "Nimejitayarisha njia nzima. Sasa nimekuona nimeshindwa."

Wakala mihogo. Mwantumu akamweleza yote, panga, manyigu, Simeo na nondo wake anayepapasa vitambaa. Mwaija akauliza manyigu wale bado wapo, akaambiwa wapo. "Na mahindi ya huko kona ya manyigu yakoje?" Kwa hofu ya kuumwa Mwantumu alikuwa hajaenda kuyatazama.

Walikwenda asubuhi, wamejifunika kanga hadi machoni. Mahindi ya kona ile yalikuwa mazima. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo, cha kupakia kapu moja au mawili tu, lakini kilikuwa kizima, na kadiri ulivyokwenda mbali na kona ndivyo matundu yalivyozidi. Mwaija akasema basi ni manyigu, wanawala funza. Mwantumu akasema labda ni maji ya kijito. Mwaija akasema labda ni Mdoe, amejibanza hapo alipoachiwa nafasi. Hilo la mwisho alilisema kwa mzaha.

"Tutafute mayai," Mwantumu akasema. "Bwana shamba alisema yanakaa kwenye ala."

Walifungua ala za mahindi ya kona, hakuna. Mwantumu, kwa sababu tu mkono ulikuwa umeshazoea kufungua, akaibandua ala ya bingobingo lililosimama jirani. Mayai yalikuwa humo, yamepangwa safu, madogo, meupe yanayoelekea njano. Akafungua lingine, tena na tena, na kila lililonona lilikuwa na safu yake. Nondo walikuwa wameridhika, tena sana, ila walikuwa wameridhika na majani. Walikuwa wamefika mpakani, wakakuta kitu kirefu, kinene, cha kijani kuliko mahindi, wakatua hapo hapo wakamaliza.

"Basi hao funza wa majani wakikua watahamia kwenye mahindi," akasema Mwaija.

Wakachukua kisu wakapasua mashina. Walikuta tundu dogo mahali funza alipoanza kuingia, na kwenye tundu utomvu unaonata, na ndani ya utomvu funza mwenyewe, mdogo kama uzi, amekufa. Wakapasua jingine, vilevile. Katika mashina yote waliyopasua walikuta mmoja tu aliye hai, naye amedhoofu.

Mwantumu alilishika lile shina muda mrefu. Alikuwa ametafuta jibu, na sasa jibu lilikuwa mkononi mwake, na lilikuwa linamchanganya kuliko swali.

"Lakini ni mama," akasema. "Amepapasa, amenusa, amechagua. Kwa nini achague mahali pa kuwaua wanawe?"

"Ni mjinga."

"Au pamempendeza. Ameona pamenona."

Ng'ambo ya bonde bati la Athuman lilikuwa linameta juani. Mwantumu alilitazama, na Mwaija akamwona akilitazama. Walifunga ala walizozifungua wakarudi nyumbani.

Athuman alikuja vuli ikielekea kwisha. Mwantumu alimwamkia, akamwekea kiti, akamwonyesha mavuno ya kona, yaliyoenea makapu mawili. Athuman hakumcheka. Aliyatazama mahindi yale kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimwogopesha Mwantumu kuliko ukali.

"Shemeji, umejitahidi. Hakuna atakayekulaumu. Chumba nimekwisha kukikandika."

"Niachie masika moja, shemeji."

"Na hadi masika utakula nini?"

"Atakula kwangu," akasema Mwaija aliyekuwa anapepeta uwanjani na masikio yake yote yakiwa ndani. "Mume wangu analeta unga wa posho kutoka Ngombezi. Tutakula huo."

Athuman hakupenda kubishana na dada yake mbele ya watu. Akakubali, masika moja, na baada ya hapo yasiwepo maneno.

Yaliyofuata kijiji kiliyafurahia kwa muda mrefu. Mvua za mwisho za vuli zilikuwa hazijakatika, na Mwantumu na Mwaija walionekana wakikata mashina ya mabingobingo kule kona ya manyigu, wanayagawa vipande vyenye pingili, na kuyapanda. Wanachimba kabisa kwa jembe, wanapima nafasi, wanafukia, wanashindilia kwa mguu, kuzunguka shamba la Mwantumu na kisha shamba la Mwaija. Mzee Hiza alisimama njiani akatazama hadi miguu ikamchoka. "Kwa uzee wangu nimeona watu wanang'oa magugu," akasema. "Wa kuyapanda sijapata kumwona." Akaenda kulitangaza hilo kila alikopita. Watoto wakawa wakimwona Mwantumu wanamuuliza, "Bibi, majani yameota?" Akawajibu yameota, ingawa usiku alilala akijiuliza kama kweli hajarukwa na akili. Hakuwa na hakika. Alikuwa ameona mashina machache yenye funza waliokufa, na kwa mashina hayo alikuwa ameweka rehani nyumba yake.

Masika yalipoingia majani yalikuwa yamekwisha kumpita kimo. Mahindi yakaota, yakafika magotini, na kila asubuhi Mwantumu aliyakagua jani kwa jani. Aliona matundu. Lakini yalikuwa matundu ya hapa na pale, mche huu na ule, kisha yakaacha kuongezeka. Mahindi yakasimama kiunoni, yakatoa mbelewele, yakabeba. Shamba la Mwaija vilevile. Kwingine bondeni funza hawakumbakiza mtu, na shamba la Athuman, lililokuwa kubwa na safi kuliko yote, liliharibika lote.

Athuman alikuja peke yake siku moja alasiri. Hakuja kwa njia kuu. Alimkuta Mwantumu mpakani akikata majani ya mbuzi wa Mwaija.

"Shemeji, sikuja kwa maneno ya chumba," akasema. "Nimekuja kama Hiza. Nipe na mimi."

Mwantumu alifurahi. Hatimaye alikuwa na ukweli wa kumpa mtu. Akamweleza kila kitu, nondo, miguu yake, ala, mayai. Akambandulia ala akamwonyesha safu. Akapasua shina, akamwonyesha utomvu na funza mdogo aliyekufa ndani yake. "Hakuna dawa yoyote, shemeji. Ni hili jani tu. Mama yao analipenda, analichagua mwenyewe, halafu linawaua. Chukua vipande leo, ukapande."

Athuman alimtazama funza. Kisha akamtazama Mwantumu, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, hadi ukawa uso wa mtu aliyeingia chumba asichokijua gizani. Akarudi hatua nyuma.

"Mdoe," akauliza kwa ile sauti yake ya upole, "homa yake ilikuwa homa gani?"

Mwantumu hakuelewa mara moja. Alipoelewa, shina lilimdondoka. Alitaka kusema homa ya kawaida, ile inayochukua watu kila masika, wewe mwenyewe ulimshika kichwa. Athuman alikuwa amekwisha kugeuka. Vipande vya mabingobingo alivyokatiwa alivipita pale chini bila kuvigusa, akauzunguka kwa mbali hata mpaka wenyewe.

Juma lile alitangaza mbele ya ndugu kwamba mjane wa Mdoe aachwe alipo, yeye na nyumba yake na shamba lake, siku zote za maisha yake, na wala asisumbuliwe kwa neno la ndoa. Alilisema mara moja, hakutaka maswali. Watu wakasifu moyo wake mwema. Mkewe peke yake ndiye aliyemtafuta Mwantumu kisimani, akamtazama, akacheka kicheko kifupi, cha kwanza baada ya miaka mingi, akajitwika mtungi wake.

"Umepata dawa ya funza na dawa ya shemeji," akasema Mwaija jioni. Walikuwa wanatwanga pamoja, michi inapishana. Mwantumu alianza kucheka, kisha machozi yakamtoka, na akashindwa kujua yale machozi ni ya kicheko au ya nini. Nyumba ilikuwa yake. Wakati huohuo kuna mtu kijijini aliyeamini kwamba alimuua Mdoe, na asingemtoa imani hiyo kwa kumwonyesha mashina. Alimwambia Mwaija hivyo. Mwaija akaacha kutwanga akamfuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mimi nakujua," akasema. "Twanga."

Kabla ya masika yaliyofuata alilitoa panga la Mdoe, akalipaka mafuta, akalirudisha ukutani. Mpakani hakwenda nalo. Majani yalisimama pale marefu, machafu, yakamkera kila alipoyapita, maana usafi wake ulikuwa haujamtoka. Mara nyingine alisimama akabandua ala moja, akaona safu ya mayai yaliyopangwa kwa uangalifu, akaifunga tena taratibu. Na kila alipofungua mlango wa nyumba yake na kuingia, alishindwa kujua amshukuru nani, nondo aliyechagua vibaya, au Mdoe aliyekufa kabla ya kufyeka.